Chumvi ya Huruma

"Basi uniambie mbele ya hawa bantu wote, Papa Ladislas. Mutoto wa miaka mbili alikukosea nini?"

"Mutoto hakunikosea. Mama yake njo anakula nguruwe ya pori."

"Na mutoto?"

"Mutoto anakula kwa sahani moja na mama yake. Usinifanye mujinga, Mama Godelieve. Maziwa yangu ikipita kwa kinywa yenye iligusa ile nyama, ng'ombe inakauka. Hata weye unajua."

"Miye najua nini? Miye niko mulimaji. Najua maharagi."

Watu waliokuwa wakipita na majembe walisimama. Wengine walicheka, wengine waliweka majembe chini kabisa, maana waliona neno hili halitaisha haraka. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, ukungu wa Masisi bado umelala juu ya malisho, na Godelieve alikuwa nje ya ua wa jirani yake, ngata kichwani, akingoja maziwa ambayo kila Ijumaa aliyachukua pale bila maneno. Maziwa yenyewe yalikuwa mikononi mwa Ladislas, ndani ya chansi, kile chombo cha mti cha kukamulia, povu limepanda mpaka mdomoni. Aliikumbatia chansi yake wala hakuonyesha dalili ya kuitoa.

"Tulikutana kwa mwalimu Viateur juzi, siku ya tatu," alisema. "Wenye ng'ombe wote. Tukapatana. Bazee bapewe, bajane bapewe, bale balivunjika miguu kwa mashimo ya madini bapewe. Ule wa Walikale, hapana."

"Na Pétronille, nani alimuita kwa ule mukutano?"

"Iko na ng'ombe?"

"Na miye? Maziwa inagawiwa kwa lupango yangu, chini ya miti yangu, bantu banaketi kwa mikeka yangu. Nani aliniita?"

"Weye unaongea sana."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa. Godelieve ni kweli aliongea sana, na maisha yake yote hakuwahi kuona aibu kwa hilo. Nyumba yake ilijaa watu asubuhi na jioni kwa sababu ya kasikisi, pombe ya ndizi aliyoipika vizuri kuliko mtu yeyote Kibabi, na kwa sababu ya habari, ambazo alizipika vizuri zaidi. Lakini alipoambiwa hivyo na mtu aliyekumbatia maziwa ya mtoto mgonjwa, damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nipe chansi," alisema.

"Utaniapia kwamba hautamupa?"

"Siapi."

Ladislas aligeuka, akaingia ndani na maziwa yake. Mke wake, Mukantabana, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, shuka limefungwa kifuani. Alimpisha mume wake apite, akamtazama Godelieve.

Sasa, huo mpango wa maziwa ya Ijumaa, ambao watu wa Kibabi waliuita Huruma, haukuwa kitu cha Wazungu. Hakuna sanduku lililotoka Ulaya, hakuna barua ya mutawala. Viateur, mwalimu wa dini, ndiye aliyeianzisha Huruma pamoja na wazee wachache wa Kibabi, na ilikwenda hivi. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya misa, kila mtu alileta alichonacho: kuku, mayai, mkeka, kibaba cha maharagi. Viateur alipanda juu ya jiwe mbele ya kanisa akapiga mnada mpaka sauti ikamkauka. Pesa iliyopatikana ilipelekwa kwa duka la Sake, ikarudi ikiwa magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Mgeni angeuliza, masikini wanalamba chumvi ya ng'ombe? Hapana. Chumvi iligawiwa kwa nyumba kumi na mbili zenye ng'ombe, maana ng'ombe aliyelamba chumvi anatoa maziwa kwa furaha. Na kila nyumba iliyopokea chumvi ilitoa chansi moja kila Ijumaa. Maziwa hayo yalifika kwa Godelieve, yakagawiwa vinywa kumi na tisa. Kwa hiyo kuku wa bibi kizee asiye na ng'ombe aligeuka chumvi, chumvi ikageuka maziwa, na mara nyingine maziwa yakarudi kwa yule yule bibi. Hakuna aliyemwambia mwenzake umeomba. Godelieve alikuwa akiwasimulia wageni jambo hilo kana kwamba alilizaa yeye.

Na Pétronille, ambaye Ladislas alimwita "ule wa Walikale", alikuwa na jina na alikuwa na mume. Albert, mtoto wa Kibabi, alikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya Walikale, akaoa kule msituni, na mwaka uliopita udongo ulimfunika ndani ya shimo akiwa na wenzake wawili. Pétronille alimfunga mtoto wake Colette mgongoni, akatembea mpaka Kibabi, kwa sababu marehemu aliacha hapa kibanda kimoja na ndizi zake, nyuma ya shamba la Godelieve. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono isiyokaa. Mwezi huu miguu ya Colette ilianza kuvimba. Nywele zake ziligeuka rangi ya kutu, uso ukajaa kama wa mtoto mnene, naye hakuwa mnene. Muganga wa dispensere alibonyeza mguu kwa kidole, akatazama shimo lililobaki, akasema, "Maziwa. Kila siku, ama sivyo mama usinirudilie hapa." Kila siku ilikuwa ndoto, lakini Ijumaa ilikuwapo, na chansi moja Godelieve angeweza kuigawa ikafika Jumapili. Walimpa majuma matatu. Halafu mtu fulani akamwona Pétronille akila nyama iliyokaushwa, akamwambia mtu mwingine, na wenye ng'ombe wakakutana.

Godelieve hakurudi nyumbani, ambako wenye ng'ombe wengine walikuwa wakigawa maziwa wenyewe, bila sehemu ya Colette. Alikwenda moja kwa moja kwa Viateur.

"Mwalimu, uko na macho ya kuniangalia?"

Viateur alikuwa akinoa panga. Aliendelea kunoa. "Mama Godelieve, benye ng'ombe bakitoka, Huruma imekufa. Kinywa moja ao kinywa kumi na tisa. Weye ungefanya nini?"

"Ningeanza kwa kuona haya. Nijibu kitu kimoja. Ile magunia ya chumvi ya mwezi wa jana, ilitoka kwa mali ya nani?"

"Ya bantu wote." Akaanza kukumbuka kwa vidole. "Kuku ya Mama Généreuse. Mikeka. Ile mbuzi kidogo yenye kulegea mguu. Na mafuta ya mawese, ile madebe ya Nestor, ndugu ya Pétronille. Na ile mizigo yake."

"Mizigo gani?"

"Mizigo tu."

"Mwalimu."

"Nyama," alisema Viateur, na panga likasimama.

Godelieve aliketi chini taratibu. Alikumbuka. Nestor alikuwa ameshuka kutoka Walikale kumtazama dada yake, amebeba mafuta ya mawese na mizigo miwili ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, imefungwa ndani ya majani. Pétronille aliyatoa yote kwa Huruma, Jumapili ile ile, mtoto akiwa bado mzima. Alisema tu kwamba Kibabi ilimpokea. Wafanyakazi wa shamba la Mzungu waligombania ile nyama mpaka shati la mmoja likapasuka, na Viateur juu ya jiwe lake alikuwa akicheka na kupandisha bei. Siku hiyo hakuna aliyeuliza mnyama alikuwa na kwato za namna gani. Magunia yalipotoka Sake, Ladislas alikuwa wa kwanza kufika na kikapu.

"Nyama gani, mwalimu?"

"Unajua ni nyama gani. Lakini tafazali, usiseme kwa bantu."

Kumwomba Godelieve jambo hilo ilikuwa sawa na kuuomba mto ungoje kidogo. Mpaka jioni mtungi wa kasikisi ulikuwa katikati, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi ya ghala, naye amesimama kati yao, mikono kiunoni, akisimulia kwa hasira na kwa utamu wote.

"Mutoto wa Pétronille akikunywa maziwa, ng'ombe inakauka. Sawa. Lakini nguruwe ya Pétronille ikiwa chumvi, ng'ombe inalamba, inalambisha na ndama, hakuna mwenye kusema. Munaona vile? Ng'ombe ya Papa Ladislas inakula nguruwe tangu mwezi muzima. Na maziwa ilitoka. Miye mwenyewe njo nilibeba."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake, ng'ombe za Ladislas zikishuka kwenda majini, kijana mmoja kando ya njia alikoroma kama nguruwe. Keshokutwa walikuwa watano. Ladislas alipita katikati yao na fimbo yake mabegani, shingo imenyooka, kama mtu asiyesikia.

Alisikia. Siku ya tano alikusanya wenye ng'ombe wenzake, na habari hii ya pili haikumchekesha Godelieve hata kidogo. Nyumba zote kumi na mbili zilitoka katika Huruma, zikatoa nje chumvi yao iliyonunuliwa kwa nguruwe. Wengine waliimwaga kwenye majani. Sebarenzi, mmoja wao, alibeba kikapu kizima mpaka mtoni. Chumvi ya kuku, ya mikeka, ya mbuzi mwenye mguu mbovu, chumvi ambayo mabibi vizee walijinyima yai kwa ajili yake, samaki waliipata bure.

Ijumaa ilifika. Watu wa Huruma walikuja mapema kama kawaida: mzee kipofu na fimbo yake, wajane, wale wa magongo, kila mmoja na kibuyu au kikombe cha bati. Waliketi juu ya mikeka. Jua lilipanda. Chansi haikuonekana hata moja. Godelieve aliweka maharagi na ndizi kwenye sufuria kubwa ili mikono yake ipate kazi, na kwa mara ya kwanza nyumba iliyojaa ilimwogopesha.

Pétronille alifika wa mwisho. Hakuwa na kibuyu, kwa sababu hakuwa katika orodha. Alimbeba Colette kifuani badala ya mgongoni, maana mtoto hakuwa tena na nguvu za kushika. Aliangalia vikombe vitupu, akamwangalia Godelieve.

"Asante, Mama Godelieve. Ile juma nilikosa maziwa peke yangu. Leo niko na bantu kumi na munane ya kukosa nao."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.  Godelieve alikuwa amemshinda Ladislas mbele ya watu. Ndiyo, alikuwa amemshinda kweli kweli, na kikombe cha kipofu kilikuwa kikavu. Alimkasirikia Ladislas, akamkasirikia Viateur, na chini ya hasira hizo mbili akakuta ya tatu, inayomhusu yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomuunguza zaidi.

Alifuta mikono, akatoka.

Kwa Ladislas mume alikuwa malishoni. Mukantabana aliketi ndani, karibu na kile kitanda kidogo cha miti ambapo vyombo vya maziwa hukaa vimefunikwa kwa vifuniko vya kusuka. Kwao mwanamume hukamua, lakini maziwa yakishavuka mlango ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayejua nani anywe na nani angoje. Alikuwa akisukasuka kibuyu cha siagi juu ya mapaja.

"Mama Mukantabana," alisema Godelieve, "sikukuja kugombana."

"Hiyo ni mupya."

"Kinywa yangu iliharibu. Nilitaka bantu bamucheke bwana yako, na balicheka, na nilifurahi. Sasa bantu ya Huruma banaketi kwangu na bikombe bitupu. Kama anataka niombe musamaha mbele ya kanisa, nitaomba. Kama anataka nipige magoti, magoti niko nayo. Lakini ule mutoto hataona Ijumaa ingine."

Kibuyu kiliendelea kwenda na kurudi. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ni mara ya kwanza nakusikia ukimaliza." Mukantabana aliweka kibuyu chini. Alisimama, akainua kifuniko cha chansi kubwa, ile ya asubuhi, akaifunika tena vizuri. Akajitwika. "Twende."

Walipokuwa wakivuka njia, wanawake wa nyumba nyingine waliwaona. Laurence, mke wa Sebarenzi, aliacha ufagio akafuata. Wengine wawili wakamfuata Laurence, wapate kuona tu. Na mtu alikuwa ameshakimbia malishoni, kwa sababu chansi haijafika hata kwenye mikeka Ladislas akaingia langoni, anahema, fimbo mkononi.

"Mukantabana. Rudisha chansi kwa nyumba."

Alishusha chombo, akakiweka juu ya mkeka, mbele ya Pétronille. Halafu akageuka.

"Papa Kabera, mwaka ya njaa uliniacha wapi?"

"Hiyo inaingia wapi hapa?"

"Nauliza. Miaka kumi sasa. Ulitangulia na banaume kutafuta udongo ya kukaa huku. Miye nilikuya nyuma kwa miguu kutoka Rwanda, na mimba ya Kabera. Uliniacha wapi?"

"Kwa njia," alisema Ladislas. "Ulikuwa na bamama wengine."

"Bamama wengine balikufa bawili. Miye nilianguka kwa mulango ya nyumba ya balimaji, sijui hata jina yao. Balinipa ndizi, na juu ya ndizi, nyama. Sikuuliza. Nilikula, nikalamba na majani yenye ilifunga. Kisha kula njo ule mama aliniambia, ni nguruwe ya pori, bwana yangu aliipiga jana. Nikamwambia, ongeza."

 Mzee kipofu aliinua uso.

"Nikafika Kibabi. Wakati ulipata ng'ombe ya kwanza, nani alipokea chansi ya kwanza kwa mulango? Hii mikono. Maziwa yote ya nyumba yako, miaka kumi, imepita kwa hii mikono na hii kinywa. Ile ng'ombe ilizaa mara ngapi?"

Ladislas aliitazama chansi.

"Mara sita," alijibu Laurence kutoka nyuma, bila kuulizwa.

"Mara sita. Na Kabera, mwenye anakamua leo, mifupa yake ilitoka kwa ile nyama. Sasa umwage na Kabera kwa muto, kama chumvi."

"Juu ya nini haukuniambia?" Sauti ya Ladislas ilikuwa imeshuka sana.

"Ungenifukuza."

Alifikiri. Alikuwa mtu mkaidi, lakini mwongo hakuwa. "Ndiyo," alisema. "Ningekufukuza."

"Njo maana."

"Na miye nimekunywa miaka kumi."

"Umekunywa, na umenenepa," alisema Mukantabana, na mzee kipofu akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichokwenda kikiwapata watu mmoja mmoja.

Mukantabana hakucheka. Alipiga goti juu ya mkeka, akafunua chansi, akakataa kikombe alichopewa. Aliinamisha chombo chenyewe, chansi ya nyumba yake, mpaka ukingo ukafika kwenye mdomo wa Colette. Mtoto aligeuza uso. Pétronille alilowesha kidole ndani ya povu, akakipitisha kwenye midomo ile iliyopasuka, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ulimi ulitoka. Godelieve alijikuta ameshika tawi la mti, na hakukumbuka alilishika lini.

Mtoto alikunywa kidogo, akapumzika, akakunywa tena.

Laurence aliondoka. Aliporudi alikuwa na chansi kichwani, na nyuma yake chansi nyingine, kisha nyingine. Zilifika saba siku hiyo. Nyumba tano hazikuleta, na mbili kati yao hazikurudi tena kwa Huruma mpaka leo. Wanasema ng'ombe zao ziko nzuri, na Godelieve anasema hajawauliza. Mazungumzo ya chumvi mpya yangekuwa ya Jumapili, na Godelieve alikuwa tayari anajua nani atamwambia nini juu ya ile iliyokwenda mtoni. Hasira yake haikuwa imeisha. Ilikuwa imeketi tu.

Pétronille alimfuta mtoto kidevu. "Mama Mukantabana," alisema, "kwetu muntu akikupa chakula hauulizi, lakini unamuuliza jina. Miye ni Pétronille."

"Najua. Miye ni Mukantabana."

"Najua."

Wote wawili wakamtazama mtoto.

Maziwa yaligawiwa, kila mtu na kikombe chake, Colette akapewa sehemu ya siku tatu ndani ya kibuyu cha Godelieve mwenyewe. Kisha sufuria ilishushwa motoni, kwa sababu watu walikuwa wamengoja tangu asubuhi na maharagi yalikuwa mengi. Walinawa, wakajisogeza, wenye ng'ombe na wasio na ng'ombe, mabega kwa mabega, maana nyumba haikuwa kubwa kama sifa zake.

Ladislas alikuwa bado langoni. Nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumpa chakula, malishoni asingeweza kurudi bila kupita mbele ya wale vijana wa kukoroma, na ndani hakuna aliyemwita. Alikuwa akichora chini kwa ncha ya fimbo. Mukantabana alimwona, akaendelea kumega ndizi. Viateur, aliyekuwa amefika na wengine, alimwona, akatazama pembeni.

Godelieve alimwacha asimame. Alimwacha kwa muda mrefu kabisa, na hakumwonea huruma yoyote. Lakini jua lilikuwa kali, na katika miaka yake yote hapo Kibabi hakuna mtu aliyewahi kusimama langoni kwake wakati sahani zinapita. Alichukua sahani ya bati, akaweka maharagi, akaweka ndizi juu yake, akatoka nayo mpaka katikati ya ua.

"Papa Ladislas."

"Nimesimama tu," alisema.

"Naona. Sijakusamehe, na Jumapili nitasema yote mbele ya kanisa, ya kwako na ya kwangu. Lakini kwangu hakuna kusimama tu. Maji ya kunawa iko pale. Ingia, ukule."